Mota ya simulata imegoma? Jinsi ya kuipima na kuomba ubadilishiwe

Wakuu, hii ni kwa wale wa Tanga mliojiundia simulata ya gari nyumbani, kiti juu ya fremu ya chuma, mota mbili nyuma zinakitikisa kufuata gemu, sasa moja imegoma na bado iko ndani ya waranti. Maombi mengi yanakwama sehemu moja tu, mtu anaandika "mota haifanyi kazi" halafu basi, fundi wa duka akiichomeka inazunguka vizuri, unarudishiwa mzigo wako na hela ya kusafirisha imeshaenda. Kwa hiyo barua ya maombi inaanzia kwenye mita ya kupimia umeme.

Kwanza usiifungue. Stika ikichanika tu duka lina sababu ya kukukatalia, hata kama ulitaka kuchungulia kaboni tu, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Vipimo vyote hapa vinafanyika kwa nje.

Toa fito zinazoshika kiti ili mota izunguke bure isikuvunje vidole, ichomoe kwenye drava, ile bodi inayoipa mota umeme, halafu ipige moja kwa moja na betri ya gari ya volti 12, weka fyuzi katikati. Mota ya volti 24 nayo itazunguka, polepole lakini itazunguka. Geuza waya uone na upande wa pili. Kama inakwenda vizuri kote kote na haichemki, tatizo lako liko kwenye drava au waya au poti (kifaa kinachopima mkono wa mota umefika wapi), acha barua kwanza. Hizi drava za BTS7960 zimeandikwa ampia 43 lakini kwa hitisinki ile ndogo, bati la kupoza joto, usitegemee zibebe mzigo huo muda mrefu, zinaungua na lawama anabeba mota. Na kama mota zote mbili zinazima kwa pamoja ukikata kona kwa nguvu, angalia pawa saplai, maana mota ikifunga breki ghafla inarudisha umeme nyuma, volti inapanda na saplai inajizima yenyewe.

Kiti kikiwa kinatetemeka tetemeka kama mtu mwenye homa hata gemu haijaanza, hapo mi naanza na poti. Ile ya kilo-omu 10 inayoiambia Arduino, bodi ndogo inayoongoza mota, mkono wa mota umefika wapi, ikichakaa inatoa namba za kuruka ruka na mota inazikimbiza. Izungushe kwa mkono taratibu huku mita iko kwenye omu, namba zipande bila kuruka. Ikiruka nunua poti mpya, rahisi sana kuliko mota.

Sasa kama mota yenyewe ndo mbovu, pima omu kati ya waya zake mbili. Safisha tamino kwanza, waliopo Raskazone na Chumbageni mnajua upepo wa bahari unavyoacha kutu ya kijani kwenye shaba, na kutu hiyo inakudanganya. Mota nzima ya aina hii inasoma omu chache tu, mara nyingi hata moja haifiki. Mota za gia ya wom, ile yenye meno kama skrubu, huwezi kuzungusha shafti kwa mkono, kwa hiyo igusishe betri kidogo isogee, toa, pima tena, fanya hivyo mara kadhaa. Sehemu nyingine inasoma na nyingine haisomi kabisa, hapo ni kaboni au komuteta, ile pete ya shaba inayoguswa na kaboni. Halafu pima kati ya waya na bodi ya chuma ya mota, isisome chochote, ikisoma koili imegusa bodi. Ila mota nyingi za waipa za gari hasi yake imeungwa kwenye bodi toka kiwandani, hiyo siyo ubovu. Pima na ile mota nzima ya upande wa pili uandike namba zote mbili, hizo ndo ushahidi wako. Kama inanguruma ndani lakini mkono hausogei, gia imekwisha meno, rekodi video yenye sauti.

Baada ya hapo kusanya risiti ya EFD, kadi ya waranti, picha ya sirio namba inayosomeka na video fupi ya mota ikiwa kwenye betri. Barua iwe fupi:

"YAH: MAOMBI YA KUBADILISHIWA MOTA YENYE HITILAFU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilinunua mota tajwa kwenu tarehe (weka), risiti namba (weka). Nimeitoa kwenye drava na kuipima kwa betri ya volti 12, haizunguki. Omu kati ya waya ni (weka), mota nzima ya aina hiyo hiyo inasoma (weka). Mota haijafunguliwa. Naomba nibadilishiwe au nirudishiwe fedha."

Toa nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea na tarehe, ukae nayo. Kama duka liko Dar unatuma kwa basi pale Kange, basi dai stakabadhi ya mzigo na upige picha mota kabla haijafungwa kwenye boksi. Uliyeagiza nje kwa mtandao, usibonyeze kwamba umepokea mzigo salama kabla hujaipima, fungua malalamiko humo humo kwenye akaunti yako na usirudishe mota kwa hela yako mpaka muuzaji aandike nani analipa.

Wa mota za mtumba za gereji za Ngamiani, hapo waranti ni mdomo wa muuzaji, nenda na betri yako uipige pale pale kabla hujatoa hela.

Duka likikataa bila sababu ya maana, mkumbushe kwa heshima kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi uliyomwambia unainunulia, ndo maana ukinunua sema wazi ni ya simulata, siyo ya geti. Akiendelea kugoma peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, FCC, ambatanisha ile nakala yenye muhuri, risiti, majibu ya duka na vipimo vyako. Mota usiitupe wala usiipeleke kwa fundi wa kusuka koili mpaka upate jibu, wanaweza kutaka kuiona.