Friji inapiga kelele na haigandishi? Sikiliza kabla ya kulaumu gesi

Hapa Mtwara mteja akinipigia, neno la kwanza ni "fundi, gesi imeisha." Gesi ya friji haiishi kama mkaa. Imefungiwa ndani ya mabomba, ikipungua ujue panavuja. Kelele mara nyingi ina habari nyingine, kwa hiyo anza na masikio.

1. Kama friji yako ni ya milango miwili yenye feni ndani, ifungue upande wa kugandishia ikiwa inanguruma. Kelele ikikoma, bonyeza kwa kidole ile swichi ya mlango inayozima feni mlango ukifunguka. Ikirudi, mara nyingi feni inakwaruza barafu. Chomoa waya, toa vyakula (samaki wapelekee jirani), acha milango wazi usiku kucha na matambara chini. Barafu usiichokonoe kwa kisu! Nimeletewa friji iliyotobolewa bomba namna hiyo, na hapo gesi ilikuwa imeisha kweli. Kelele ikirejea baada ya wiki moja au mbili, mfumo wa kuyeyusha barafu umekufa: pima hita, taima na kihisi chake.

2. Nyuma sasa, waya ukiwa umechomolewa. Piga brashi vumbi lote. Kwa wa Shangani na Mikindani, upepo wa bahari unakula bati na skrubu za feni, zikaze au zibadilishe. Bomba linalogusa bodi lisogeze taratibu. Friji isibanwe ukutani, joto litoke.

3. Ukisikia "tik", mguno wa sekunde chache, kisha "tik" tena, kompresa (ile mota ya chini nyuma inayosukuma gesi) inashindwa kuwaka. Pima kwanza umeme wa soketi. Ukiwa chini sana ya volti 230, friji haina kosa. Umeme ukiwa sawa, chomoa waya, vua rilei (kifaa kidogo cha kuiwashia, kimechomekwa ubavuni mwa kompresa) uitikise. Ikilia kama njuga, mara nyingi imevunjika, nunua nyingine. Ikiwa nzima, pima pini tatu za kompresa mbili mbili kwa mita ya umeme, upande wa ohm: visomo viwili vidogo vikijumlishwa vilingane na kile kikubwa. Pini yoyote ikisoma na bodi ya chuma ya kompresa, kompresa imekwenda.

Hayo yote yakiwa sawa ndipo tuzungumze gesi. Soma kibandiko: kikiandikwa R600a, gesi hiyo inawaka moto, usimruhusu fundi awashe mtungi wa kuchomelea kabla hajaitoa yote nje.