Namna ya kuilinda hesabu ya kituo chako kwa simu

Nina saiba (duka la intaneti) Likoni, Mombasa, na kila msimu wa uchaguzi watu huniletea majedwali ya matokeo ya WhatsApp niwachapishie. Nawauliza: kituo chako wewe kilisemaje? Kimya. Na karatasi ya matokeo imebandikwa mlangoni!

Karatasi hiyo ni Fomu 34A, mzizi wa hesabu yote ya urais Kenya. Mwaka 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, hakuna bosi wa Nairobi wa kuyageuza. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, ikaweka karibu fomu zote za vituo 46,229 kwenye tovuti ya wazi. Kazi iliyokuwa ya vyumba vya habari ikawa ya yeyote mwenye bando.

Anza kwa kujua kituo chako hasa. Shule moja huwa na vituo kadhaa, kila kimoja na fomu yake, na hakuna kinachozidi wapiga kura 700. Nakili namba ya kituo, si jina la shule pekee.

Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hubandika nakala mlangoni. Huwa ni usiku, kwa hiyo nenda na tochi na mwenzio wa kuishika, maana mwanga wa kamera ukipiga karatasi moja kwa moja huchoma tarakimu. Simama wima mbele yake. Pembe zote nne zionekane, na namba ya kituo, saini za mawakala wa wagombea na maelezo ya msimamizi yasomeke. Picha ya namba tupu zilizokatwa haimsaidii mtu; hata mimi naweza kuitengeneza hapa dukani kabla chai haijapoa. Ihifadhi picha ya asili, kwani WhatsApp huibana. Na usijaribu kupiga picha karatasi ya kura uliyoitia alama. Hiyo ni siri, na ni kosa.

Sasa piga hesabu. Kura za wagombea wote zijumlishwe zilingane na kura halali. Halali na zilizokataliwa kwa pamoja zisizidi walioandikishwa. Zilizokataliwa haziingii kwenye asilimia. Mahakama ya Juu ilishaamua hivyo mwaka 2013. Wakala asipotia saini, fomu haibatiliki kwa hilo tu, ila soma sababu aliyoandika.

Kisha ingia kwenye tovuti ya tume: kaunti, eneo bunge, wadi, kituo. Pakua, weka picha yako ubavuni, linganisha mstari kwa mstari. Mwandiko wa usiku wa manane una vituko vyake, 1 hufanana na 7, basi tazama pia kama jumla inalingana.

Usishughulike na jumla ya taifa. Mwaka 2022 runinga moja ilimweka Raila mbele, nyingine Ruto, saa ileile, kwa kuwa kila moja ilikuwa ikichukua fomu kwa mpangilio wake. Baraza letu la kahawa lilikaribia kupigana kwa sababu hiyo. Kituo kimoja ulichokishuhudia kinatosha.

Ukikuta tofauti, usikimbilie kuposti. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ilitungwa na vifungu vya kuwabana wanaosambaza uongo kwa makusudi, na hutaki kuanza kujieleza polisi. Mtafute wakala aliyekuwa chumbani, naye ana nakala yake. Nakala hizo tatu, yako, ya tovuti na ya wakala, zikitofautiana, peleka kwenye kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge, kwa mwandishi wa habari unayemwamini, na kwa wakili. Fanya haraka: kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na Mahakama ya Juu ina siku 14 tu za kuamua. Wakili atakachokuuliza kwanza ni nani alipiga picha hiyo na saa ngapi, kwa hiyo andika kabla hujalala.