Kuharakisha Kurasa za Intaneti Kwenye Dishi la Setilaiti

Kabla ya kugusa chochote, pima ucheleweshaji, yaani muda ambao ombi huchukua kwenda na kurudi: fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8 (anwani ya seva ya Google), kisha usome muda unaoonyeshwa kwenye kila mstari. Katika shule moja ya sekondari karibu na Moroto, Uganda, nilikuta milisekunde 640, ilhali mwalimu mkuu alikuwa ameshaongeza bando mara mbili bila kuona nafuu. Megabiti haziwezi kuipunguza namba hiyo, kwa kuwa setilaiti inayoonekana imetulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ombi hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na safari hiyo ya zaidi ya kilomita 143,000 huchukua karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Ukurasa salama huhitaji safari moja ya kuuliza anwani, moja ya kufungua mawasiliano, moja au mbili za kukubaliana juu ya funguo za usiri, na nyingine ya kuomba ukurasa wenyewe. Tunachoweza kupunguza ni idadi ya safari hizo.

Anza na anwani. Kwenye ruta au kompyuta ndogo inayowaka muda wote, weka dnsmasq, programu inayokumbuka anwani za majina ya tovuti, ambayo isipoguswa huhifadhi majina 150 tu. Fungua faili la /etc/dnsmasq.conf, andika cache-size=5000, na chini yake min-cache-ttl=600, ili jina lililoulizwa na mwanafunzi mmoja liwajibu wenzake bila kwenda angani tena.

Hatua ya pili ndiyo iliyonipa mafanikio makubwa kuliko zote. Weka uBlock Origin, kizuizi cha matangazo, katika Firefox ya kila kompyuta, kisha kwenye mipangilio yake zuia fonti za mbali na vipande vya picha na video vinavyozidi kilobaiti 50. Tangazo moja linaweza kuita seva kadhaa ngeni, na kila seva ngeni hudai safari zake zote upya. Mwanafunzi akihitaji picha iliyozuiwa, ataibofya.

Tatu, kama ruta yako inatumia OpenWrt (mfumo endeshi huria wa ruta), washa CAKE, foleni inayogawa njia kwa haki kati ya watumiaji, na uiwekee kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima, ili mtu anayepandisha video asiwazibie wengine njia.

Epuka VPN (njia ya siri inayofunga data yote kwa usimbaji) isiyo ya lazima. Modemu nyingi za setilaiti huthibitisha mapokezi ya data kwa niaba ya seva ya mbali ili kuficha ucheleweshaji, na VPN huzinyima nafasi hiyo.

Mwisho, weka Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, kwenye seva ya ndani pamoja na nakala ya Wikipedia, na uamuru masasisho yote ya kompyuta yashuke baada ya saa sita usiku. Nakala hiyo ipakue Kampala kwenye faiba, uibebe kwa diski.