Kuwapokea wazazi kijijini Japani: hatua kwa hatua kwa mwalimu aliye ugenini

Mzazi anayetoka Same mpaka milima ya Shimane anataka kwanza kuona mtoto wake analala wapi, anakula nini, na majirani zake ni watu wa namna gani. Minara ya Tokyo ni nyongeza. Nafundisha Kiingereza katika shule za mkoa huo, magharibi ya kisiwa cha Honshu, na wazazi wangu ni wakulima wa Upare, Wasabato, watu wa umri wa kupishwa siti kwenye daladala. Namwandikia mwalimu mwenzangu aliyepangiwa kijijini. Kama unaishi Osaka au Yokohama, chukua sehemu ya makaratasi na dawa. Mengine hayatakuhusu sana.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya tiketi

Oktoba hadi katikati ya Novemba. Mpunga umeshavunwa, mvua za Juni na Julai zimepita, joto la Agosti linalobana pumzi limekwisha, na theluji bado. Mtu anayeijua baridi ya Julai kule Suji au Mamba ataimudu kwa sweta na koti. Epuka mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, wiki ya Obon (sikukuu ya kuwakumbuka wafu) katikati ya Agosti, na Mwaka Mpya: hapo Wajapani wote wako safarini, nauli zinapanda na hoteli zinajaa.

Ukishajua mwezi, omba ruhusa shuleni mapema. Usichukue likizo ya wiki zote watakazokaa. Chukua siku chache mwanzoni na chache mwishoni, katikati uende kazini kama kawaida, kwa sababu hata kukuona ukitoka asubuhi na tai shingoni ni sehemu ya walichokuja kuona. Wiki tatu zinatosha. Visa inaweza kutoka ya siku 90, ila nyumba ya mwalimu haina siku 90 ndani yake.

Hatua ya 2: Makaratasi

Anza miezi minne kabla. Mtanzania anahitaji visa hata kwa matembezi ya siku tano, na maombi yanapelekwa na wazazi wenyewe Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam. Wewe huku unaandaa upande wa mwenyeji:

- barua ya mwaliko (shōhei riyūsho)
- barua ya udhamini (mimoto hoshōsho), kama ni wewe unayelipa
- ratiba ya siku kwa siku (taizai yoteihyō)
- cheti cha ukaazi (jūminhyō) kutoka ofisi ya mji, chenye taarifa zote isipokuwa My Number, namba yako ya utambulisho
- cheti cha kodi kinachoonyesha kipato cha mwaka
- barua ya mwajiri (zaishoku shōmeisho)
- nakala ya kadi yako ya ukaazi, mbele na nyuma

Fomu tatu za kwanza zipo kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani. Vyeti vya ofisi visizidi miezi mitatu tangu vitolewe, kwa hiyo usivikimbilie mapema mno. Kama umeingia Japani mwaka huu, cheti cha kodi chenye kipato cha maana huna bado. Weka barua ya mwajiri pamoja na taarifa ya benki. Vyeti vipya vya kodi huanza kutolewa karibu Juni, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda Oktoba. Uliza pia ubalozini kama wanapokea nakala zilizochapishwa au wanataka karatasi zenyewe zitumwe kwa posta.

Upande wa nyumbani, kazi kubwa ni majina. Ubalozi unataka ushahidi kwamba hawa ni wazazi wako, yaani cheti chako cha kuzaliwa. Sasa angalia: kwenye cheti mama ameandikwa jina la ubatizo na la baba yake, kwenye kitambulisho cha NIDA yuko na jina la mume, na kwenye pasipoti herufi moja imeruka. Wengi wetu tuna familia ya hivyo. Mwambie ndugu aliyeko nyumbani apige picha vyeti vyote na kuvilinganisha herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, nenda kwa wakili mkaape kiapo cha majina, na kama cheti cha RITA ndicho kimekosewa, kirekebisheni huko huko RITA. Ifanyike kabla ya maombi kupelekwa, maana visa ikikataliwa, ombi la sababu ileile halipokelewi mpaka miezi sita ipite.

Ratiba iandikwe kama mambo yalivyo. "Kukaa nyumbani kwa mtoto" kwa siku kumi mfululizo ni jibu halali kabisa. Usiwatungie safari ya Kyoto ambayo hamtakwenda. Visa ikitoka, waingie Japani ndani ya miezi mitatu.

Hatua ya 3: Dawa, kisha sanduku

Dawa za presha na sukari za mwezi mmoja zinaingia bila kibali. Wakikaa zaidi ya hapo, au wakibeba za akiba zinazopita mwezi, omba hati ya kuingiza dawa (Yunyu Kakunin-sho) kabla hawajapanda ndege. Inaombwa mtandaoni. Dawa zibaki kwenye maboksi yake, na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa iwe mkobani.

Hatari iko kwenye dawa za mafua na kikohozi wanazonunua bila kufikiri. Zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 ni marufuku kabisa, na zenye codeine zaidi ya asilimia 1 zina masharti makali. Waambie waziache zote, utawanunulia huku.

Halafu sanduku. Mama atataka kukuletea nyama ya kukausha, parachichi na miwa. Nyama ya aina yoyote isiyo na cheti cha ukaguzi hairuhusiwi, na adhabu ya sheria inafika kifungo cha miaka mitatu au faini ya yeni milioni tatu. Matunda mabichi na mbegu navyo visije. Badala yake waombe majani ya chai, korosho zilizokaangwa na khanga, maana zawadi utazihitaji kwa idadi kubwa (angalia hatua ya 6). Bima ya safari kata ukiwa huku au kule, ila soma kipengele cha maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya safari. Bima yako ya Japani haiwafikii wageni, na hospitalini watalipa gharama yote.

Hatua ya 4: Njiani

Kutoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, wana njia mbili rahisi: Ethiopian kupitia Addis Ababa, ambayo inapita Incheon ya Korea Kusini kabla ya kushuka Narita, au Qatar kupitia Doha. Omba huduma ya kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hata kama Mzee anapanda mlima kila siku. Faida yake ni msindikizaji: mtu wa kuwatoa lango hadi lango pasipo wao kusoma ubao wowote. Mzee atakataa. Mwambie ni kwa ajili ya Mama, na Mama mwambie ni kwa ajili ya Mzee.

Jaza wewe mwenyewe fomu za Visit Japan Web (tovuti ya uhamiaji na forodha), chapisha misimbo ya QR, mtume ndugu awape karatasi mkononi. Na uwafuate uwanjani. Usimwache mzazi apande treni peke yake kuja Shimane.

Usiku wa kwanza laleni karibu na uwanja. Kesho yake kuna ndege ya Haneda–Izumo, kama saa moja na nusu hivi. Treni ya usiku ya Sunrise Izumo ni nzuri mno, inatoka Tokyo karibu saa nne usiku na kufika Izumo karibu saa nne asubuhi, lakini iweke kwa safari ya kurudi, wakiwa wamepumzika. Tiketi zake hufunguliwa mwezi mmoja kabla na huisha haraka. Pasi ya reli ya watalii sikushauri: Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda hadi yeni 50,000, na wewe mwenye visa ya kazi huruhusiwi kuinunua. Sisi Wapare mnavyotusema kuhusu hela, lakini hapo hesabu haitoki kwa kabila lolote.

Hatua ya 5: Nyumba

Kwanza mwambie mwenye nyumba, au ofisi ya elimu kama ni nyumba ya walimu, kwamba utakuwa na wageni na kwa muda gani. Kisha fikiria magoti. Maisha ya nyumba ya Kijapani yako chini: godoro chini, meza chini, mlangoni unainama kuvua viatu. Weka kiti pale mlangoni, tafuta viti viwili vya kawaida vya mezani kwenye duka la mitumba, na magodoro yapange mawili mawili. Kama choo chako ni cha kuchuchumaa, wazee wa kwetu wanakijua, ila magoti ya leo si ya jana. Kuna kikalio cha plastiki kinachowekwa juu, uliza duka la vifaa vya nyumbani.

Nyumba za hapa hazina joto la pamoja. Jiko la mafuta ya taa linapasha chumba kimoja, basi lizimwe usiku na dirisha lifunguliwe kidogo kila baada ya muda. Bandika karatasi za Kiswahili kwenye kila kitufe: choo, jiko, maji ya moto, rimoti. Bafuni eleza jambo moja: mtu anaoga nje ya beseni kubwa, kwa kopo na beseni dogo kama nyumbani, halafu ndipo anaingia kujipasha moto, na maji hayamwagwi kwa sababu wa pili anakuja.

Takataka ziwe kazi yako. Kila aina ina siku yake, na Mama akiamka alfajiri kufanya usafi, mfuko usio wa siku hiyo utarudishwa mlangoni na kijiji kizima kitajua.

Waambie pia kuhusu spika za mji. Asubuhi, mchana na jioni zinapiga muziki au tangazo, na asiyejua anadhani kumetokea msiba. Simu ikilia kelele ya tetemeko: chini ya meza. Namba ya gari la wagonjwa ni 119.

Hatua ya 6: Shule na majirani

Siku ya pili au ya tatu wapeleke wakamsalimie mkuu wa shule, kwa miadi. Zawadi ya chumba cha walimu iwe vipande vidogo vilivyofungwa kimoja kimoja, vinavyotosha watu wote mpaka mpishi na dereva. Kama tamasha la shule linaangukia siku hizo, waende. Huko wazazi wa wanafunzi watawajia wenyewe.

Majirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele wapelekewe korosho mkononi, wazazi wakiwepo. Usiruke hatua hii. Ndio watakaowaangalia ukiwa kazini.

Hatua ya 7: Chakula

Msabato Japani ana kazi. Nguruwe yumo ndani ya supu za rameni, gyoza na hata vipande vya kutengenezea mchuzi wa kari. Shimane inajivunia kombe wadogo wa Ziwa Shinji, shijimi, wanaowekwa kwenye supu ya miso kila mahali, na kwa Walawi 11 hawaliwi. Andika kadi ya Kijapani: hatuli nguruwe, kombe, kamba, ngisi, pweza, mkunga, hatunywi pombe. Ionyeshe kabla ya kukaa. Chai ya kijani ya jirani nayo ni mtihani kwa asiyegusa majani ya chai. Omba mugicha, ya shayiri, na hakuna atakayejisikia vibaya.

Ugali unawezekana. Mji wa Izumo una Wabrazili wengi wanaofanya kazi viwandani, na maduka yao huuza fubá, unga laini wa mahindi ya njano. Anayekumbuka unga wa Yanga wa miaka ya njaa atatia neno, lakini atakula. Magimbi yapo tele Oktoba, hapa ni satoimo, madogo na yenye utelezi. Viazi vitamu na maboga vipo. Majani ya maboga hayauzwi kwa sababu hapa yanatupwa. Mama akiyaona shambani kwa jirani, muache ayaombe.

Hatua ya 8: Siku za kazi

Hapa ndipo ziara nyingi huharibika. Ukiondoka saa moja na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, mkulima aliyefungiwa ndani na televisheni ya Kijapani ataanza kuulizia tarehe ya kurudi. Mtafutie shamba. Wazee wa vijiji hivi wanalima bustani wakiwa na miaka zaidi ya themanini, watoto wao wako mijini, na Oktoba kuna magimbi ya kuchimba na makaki ya kumenya na kuning'iniza yakauke. Ongea na jirani mapema, kisha wapeleke na tafsiri ya simu. Kiswahili kwa Kijapani inatosha kwa mambo ya jembe. Malipo yasiwepo, kwa sababu visa yao hairuhusu kazi ya ujira. Watarudi na kikapu cha mboga, hiyo haina neno.

Mzee anayetembea alfajiri mpe kengele ya dubu. Ndiyo, dubu: milima hii inao, na kengele inauzwa duka lolote la vifaa. Nguruwe pori na fensi zao za umeme hana haja ya kuelezwa. Atakachosimama kushangaa ni Probox yenye mtu mmoja ndani.

Jumamosi baada ya Sabato, au Jumapili, toka nao kidogo. Kwa familia ya Upare nasema nendeni Sugaya, kwenye mji wa Unnan, ambako jengo la kuyeyushia chuma la asili bado limesimama. Lilifanya kazi mpaka 1921. Mtoto wa Ugweno aliyekua akisikia habari za Washana, wahunzi wa Upare, na mivukuto yao atamsikiliza mwongozaji kuliko wewe. Matuta mengi ya mpunga ya Okuizumo, hapo jirani, yalitokana na uchimbaji wa mchanga wa chuma, na maji yanafika kwa mifereji. Mtu wa ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia, ataanza kuuliza nani anasafisha mfereji na faini ya asiyekuja ni kiasi gani. Andaa majibu. Bafu za chemchemi za moto ni za uchi mbele za watu, kwa hiyo weka nafasi ya bafu la faragha, kashikiri, la wawili kwa wawili.

Na dukani msimamie Mzee kwenye rafu ya kahawa: kahawa ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kirimanjaro. Mkulima asiyeinywa atasoma bei, ataigeuza shilingi, na mtachelewa kutoka.

Hatua ya 9: Kurudi

Siku tatu kabla, peleka masanduku kwa takkyūbin, huduma ya mizigo iliyopo hata kwenye maduka madogo, yatawasubiri uwanjani. Pima kwanza, kwa sababu Mzee atakuwa amenunua mundu na panga la kupogolea. Vyuma hivyo viende kwenye mzigo wa chini ya ndege, vimefungwa kadibodi. Mbegu za maboga alizopewa na jirani zinahitaji cheti cha afya ya mimea; kama hamna, zitolewe. Angalia na mifuko ya koti la Mama.