Jinsi ya kuandika shida za nyumbani kwenye barua ya kuomba kusoma sheria

Wadogo zangu, kila msimu wa maombi ukifika inboksi yangu inajaa watu wa "kaka naomba unipitishie macho barua yangu", na mimi nasoma zote, na karibu zote zinaanza na sentensi moja: "Nilizaliwa katika familia duni." Halafu baba anafariki aya ya pili, ada inakosekana aya ya tatu, na mwisho kabisa mtu anaahidi kuwa sauti ya wasio na sauti. Sisemi ni uongo. Shida yake ni kwamba ukifuta jina lako ukaweka la jirani hakuna kinachobadilika, na ukitoa neno "sheria" ukaweka "udaktari" barua inakaa vilevile. Ukiona hivyo ujue bado hujaandika barua ya sheria, umeandika barua ya huzuni tu.

Ya kwangu mimi ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, tena ndefu. Nilimpa wakili mmoja mtu mzima aisome, akachukua kalamu akakata ukurasa mzima wa mwanzo, akaniuliza swali moja tu: "Sheria iliingia lini nyumbani kwenu?" Nikakaa kimya, sikuwa nimewahi kufikiria kitu kama hicho.

Kwa hiyo anzia hapo. Kabla hujaandika hata mstari, kaa chini utafute ni siku gani sheria iliingia kwenu, na mara nyingi sana inaingia kwa karatasi. Notisi ya kuhama. Hati ya kiwanja yenye jina la marehemu. Cheti cha kuzaliwa kilichokosewa herufi moja kikakuzuia mambo miaka mitatu. Barua ya kufukuzwa kazi, amri ya mahakama kuhusu nani akae na watoto, mkataba wa mkopo ambao mama aliwekewa dole gumba bila kusomewa. Shida bila karatasi ipo pia, siikatai, lakini ukiipata karatasi umepata pa kushika.

Kwetu ilikuwa hivi. Baba aliumia mkono wa kulia kazini, mashine ilimkamata, vidole viwili vikaenda. Baada ya wiki chache akaja mtu wa ofisini kwao na bahasha ya hela na karatasi moja ya kusaini. Mimi nilikuwa darasa la sita, ndiye niliyekuwa najua kusoma vizuri pale ndani, nikaambiwa soma. Nikasoma kwa sauti, nimejawa na maringo ya mtoto anayejua maneno magumu, mpaka nikafika kwenye "amepokea malipo haya kuwa ni mwisho wa madai yake yote". Nililisoma bila kukwama, maana yake sikuijua, na baba hakuijua, akasaini kwa mkono wa kushoto, sahihi imepinda kama imeandikwa na mtoto wa chekechea. Ile bahasha iliisha kabla kidonda hakijapona. Alipokwenda kuuliza fidia akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe.

Umeona hapo sijasema tulikuwa maskini? Huhitaji kusema. Msomaji ameshaona mkono wa kushoto.

Mfano mkubwa zaidi wa hili jambo ni Abraham Lincoln, yule rais wa Marekani wa zamani aliyekuwa mwanasheria. Watu wanamkumbuka kwa kibanda cha magogo na kusomea vitabu kwenye mwanga wa moto, ila kitu cha kisheria kwenye utoto wake kinapitwa harakaharaka: baba yake alihangaika na mashamba Kentucky kwa sababu hati zilikuwa za mgogoro, na mwaka 1816 familia ikahamia Indiana. Lincoln mwenyewe baadaye aliandika kwamba utumwa ulichangia kuhama kwao, lakini sababu kuu ilikuwa taabu ya hati za ardhi. Mama yake akafariki 1818, mtoto ana miaka 9. Shule alizosoma ukijumlisha siku zote hazifiki hata mwaka mmoja, sheria alijisomea mwenyewe, leseni akaipata 1836. Sasa fikiria angekuwa anaomba chuo leo: kibanda kinamtia mtu huruma, lakini ile hati ya shamba ndiyo inayojibu kwa nini sheria.

Ukishapata karatasi yako, hatua inayofuata watu wengi wanairuka, nayo ni kuhakikisha. Rudi nyumbani uulize. Omba uione hiyo notisi, hiyo hukumu, hiyo barua. Stori za familia zinakua miguu zikisimuliwa miaka mingi, kila mjomba anaongeza chumvi yake, mwishowe baba aliyechelewa kulipa kodi anageuka shujaa aliyemgomea mwenye nyumba. Nelson Mandela alikua akiamini, na alisimulia hivyo mpaka uzeeni, kwamba baba yake alivuliwa uchifu kwa kugoma kuitika wito wa hakimu mzungu, wakapoteza ng'ombe na ardhi, mama akahama na watoto kwenda Qunu. Watafiti waliokuja kufukua majalada ya zamani wakakuta kwamba aliondolewa mwaka 1926 baada ya uchunguzi wa tuhuma dhidi yake. Hiyo haimpunguzii Mandela kitu, yeye alikuwa mtoto na aliamini alichoambiwa, na hiyo hiyo stori ndiyo iliyomlea. Ila we unaomba kuingia kwenye kazi ambayo siku ya kwanza utafundishwa tofauti kati ya ulichoona na ulichosikia. Kama umesikia, andika "nilisimuliwa". Neno moja tu na barua inapata heshima.

Mimi nilipoomba kuiona ile karatasi ya baba ndio nikagundua kumbukumbu yangu ilinidanganya vitu viwili. Nilikuwa nakumbuka kurasa tatu, kumbe ni moja. Na nilikuwa nakumbuka baba alilazimishwa, kumbe mama alimwambia asubiri kesho amuulize mtu, yeye akasema hapana, nyumbani hakuna kitu, nipe kalamu. Hii ya pili iliniuma kuliko ajali yenyewe. Na ndiyo nikaiandika, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kusaini kwa hiari yake kabisa na bado asiwe na uhuru wowote, na hilo ni swali la sheria hasa, mawakili wanabishana juu yake kila siku.

Haya, sasa we ulifanya nini? Hapa ndipo barua nyingi zinakufa. Mtu anaeleza mateso kurasa mbili halafu yeye mwenyewe haonekani akifanya chochote, yuko pembeni analia. Wanaosoma barua wanatafuta mtu atakayebeba mafaili, wanataka kuona mikono yako. Na si lazima iwe kitu cha kisheria. Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 2009, alikutwa na kisukari akiwa mtoto mdogo wa miaka saba hivi. Wazazi wake wakawa wanagombana nani amchome sindano, baba ni mlevi na mikono inamtetemeka, basi yule mtoto akaamua atajichoma mwenyewe, akajifunza kuchemsha sindano kwenye maji ya jikoni. Baba akafariki yeye akiwa na miaka 9. Ukisoma habari ile ya sindano tu unajua huyu mtu akipewa kazi ataimaliza. Halafu angalia kwamba hakuna mahakama popote humo.

Kwa hiyo jiulize kitu kidogokidogo: ulikuwa unamsindikiza bibi kwenye shauri lake la mirathi na kubeba ule mfuko wa karatasi? Ulikuwa unajaza fomu za majirani? Ulihesabu siku kwenye notisi ukamwambia mama bado tuna nne? Mimi nilianza kusomea watu barua zao, yani mtaa mzima wakajua kuna mtoto anasoma makaratasi, na sheria yangu ilikuwa moja, neno nisilolielewa siliruki, nalizungushia duara nakwenda kumuuliza mwalimu. Aya yangu nzuri kuliko zote kwenye barua ile ni hiyo ya maduara. Wala haina machozi.

Kuna wale wanaoniandikia, "Kaka mimi sina shida yoyote kubwa, nitaandika nini?" Jamani, usitunge. Malezi nayo ni stori, wakati mwingine tamu kuliko dhiki. Thurgood Marshall, mwanasheria aliyeshinda kesi ya Brown mwaka 1954 ya kupinga shule za kibaguzi Marekani na mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu kule, baba yake alifanya kazi za uhudumu, zikiwemo za kwenye treni. Huyu mzee alikuwa anapenda kwenda kukaa mahakamani kusikiliza kesi za watu, na wanawe anawapeleka, wakirudi mezani ni ubishi mtindo mmoja, ukisema kitu uthibitishe. Marshall alikuja kusema baba yake hakuwahi kumwambia awe mwanasheria, alimgeuza tu akawa. Shuleni nako akifanya utundu adhabu yake ilikuwa kukaa kusoma katiba ya nchi. Na ada ya chuo cha sheria ilipopungua, mama yake, mwalimu, akaweka rehani pete zake za ndoa na uchumba. (Huyu ndiye aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba, wengi hawajui.) Ona meza ile ya chakula ilivyo na nguvu. Kama kwenu baba alikuwa anakulazimisha utetee kwa nini unataka kwenda matembezini, kwa hoja tatu, hiyo ni mali, iandike.

Kuhusu kipimo, ushauri wangu ni shida ichukue theluthi ya barua, isizidi. Zilizobaki ni ulichofanya na unachotaka kusoma, tena kwa jina: sheria ya kazi, ya ardhi, ya familia, ya wakimbizi. Mimi niliandika sheria ya kazi na fidia, nikataja swali la watu kusaini kuachia madai. "Haki" peke yake si somo.

Sasa tuongee heshima, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ile stori si yako peke yako. Ulevi wa baba ni wa baba pia, dada aliyepata ujauzito shuleni ana maisha yake, na barua ya maombi inasomwa na watu usiowajua na inaweza kusomwa tena miaka mbele. Kabla hujatuma omba ruhusa ya mtu unayemwandika. Akikataa, toa, tafuta njia nyingine. Kama jambo bado liko mahakamani usiliguse kabisa, unaweza ukaharibu kesi ya mama yako kwa ajili ya barua ya chuo. Na usimtaje kwa jina mwajiri au mwenye nyumba aliyewatenda, andika "mwajiri wake" inatosha, majina hayakuongezei maksi.

Kuongeza chumvi ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu huko mbele nchi nyingi zinakagua mwenendo wako kabla ya kukuapisha uwakili, na uongo wa kwenye fomu ya zamani unaweza kukurudia wakati umeshamaliza shule na deni la mkopo juu. Unaweza kusamehewa umaskini, kufeli, hata kosa la ujana ulilolitaja mwenyewe. Kudanganya kwenye maombi ni ngumu zaidi kusamehewa.

Ukiitwa intavyu jua wataishika stori hiyohiyo. Ifanyie mazoezi kwa mdomo mpaka ile sehemu inayokukaba koo uweze kuipita, si kwamba kulia ni dhambi ila una dakika chache na wao wana maswali. Mimi waliniuliza, "Je, kama mwajiri wa baba yako angekuja ofisini kwako leo kama mteja, ungemchukua?" Sikuwa nimejiandaa. Nikajibu kwamba ningemwandikia ile karatasi upya, kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la sita akiisoma anaielewa, na ningemwambia ampe mfanyakazi siku saba za kufikiri. Mmoja akacheka, mwingine akaandika kitu. We jiandae na swali la upande wa pili, karibu lazima lije.

Mwisho kabisa, barua ikikamilika, msomee kwa sauti yule uliyemwandika. Usimtumie kwenye simu, msomee. Mimi nilimsomea baba jioni moja, akasikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, halafu akasema pale kwenye vidole nimekosea, mashine ilikuwa imezimwa, ni mtu aliyeiwasha bila kuangalia. Nikachukua kalamu nikarekebisha hapohapo, kesho yake nikatuma.