SOMO: Jinsi ya kuchagua bastola used mnadani kwa sisi tulioko Marekani

Wakuu habari zenu. Siku hizi wabongo na wakenya wengi huku wanatafuta bastola ya kulinda nyumba, mtu anaingia GunBroker (mtandao wa mnada wa silaha) anakuta Glock imesimama dola 280 anabidi (anaweka dau) hapo hapo bila kuuliza swali hata moja, ikifika ndo anaanza kulalamika. Mnadani ukishinda ni yako. Wauzaji wengi wanaandika inauzwa kama ilivyo, wengine wanakupa siku tatu za kuikagua ila ukishaipiga risasi hata moja hiyo haki imekwisha. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya kubidi, fuateni taratibu.

HATUA YA 1: Makaratasi kwanza
Raia na mwenye green card, sheria ya shirikisho inamruhusu kama hana rekodi inayomzuia. Aliyeko kwa viza ya masomo, utalii au kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi, na asiye na karatasi ndo kabisa asijaribu. Kwa dila, bastola ni miaka 21 kwenda juu. Ukinunua kwenye mnada wa mtandaoni kutoka jimbo lingine mzigo hauji mlangoni kwako, unaenda kwa dila mwenye leseni (wanamwita FFL) ndani ya jimbo unaloishi, unajaza fomu 4473 (fomu ya serikali ya kununua silaha), yeye anauliza mfumo wa NICS wa FBI unaokagua rekodi yako, ukipita ndo unakabidhiwa. Halafu kuna sheria za jimbo juu yake: Minnesota unahitaji kibali cha kununulia, Illinois kadi ya FOID (kitambulisho cha mwenye silaha), New York leseni kwanza, California unasubiri siku 10 na kuna orodha ya bastola ambazo dila anaruhusiwa kuuza. Mpigie dila simu KABLA hujabidi, muulize anapokea mizigo ya mnadani na anatoza ngapi.

HATUA YA 2: Piga hesabu yote
Tuseme umeshinda kwa dola 300. Usafiri 35, dila 40, ukilipa kwa kadi muuzaji anaongeza asilimia 3 yaani 9, hapo uko 384 na kodi ya mauzo bado. Hela hiyo inakaribia bastola mpya yenye waranti! Minada ya ukumbini nayo ina ada ya mnunuzi, asilimia 15 hadi 20 na zaidi juu ya bei ya nyundo (bei uliyoshindia), watu wanaisahau kila siku. Andika kikomo chako kwenye karatasi, kikivukwa toka. Na jua kwamba minada mingi ya mtandaoni ukibidi dakika za mwisho muda unaongezwa, kwa hiyo ujanja wa kuvizia sekunde ya mwisho hausaidii.

HATUA YA 3: Jua unatafuta nini
Kwa anayeanza mimi nasema tafuta zilizotoka polisi. FBI waliporudi kwenye risasi za 9mm katikati ya miaka ya 2010 idara nyingi ziliwafuata, zikaachia Glock 22 za risasi za .40 (kubwa kuliko 9mm) kwa wingi, ndo maana bei yake iko chini. Bastola ya polisi inabebwa sana inapigwa kidogo, nje imechubuka kwa kuingia na kutoka kwenye ala lakini ndani mara nyingi bado iko vizuri. Ila .40 inarusha mkono kuliko 9mm, hilo ulijue. Na muuzaji akikwambia ina saiti za kung'aa usiku muulize za mwaka gani, ile tritiamu (kemikali inayozing'arisha) nguvu yake inabaki nusu baada ya miaka 12 hivi.

Upande wa rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka na risasi ndani), Smith & Wesson Model 10 ya .38 Special. Ukoo wake umeanza 1899, zimetengenezwa mamilioni, polisi na walinzi wameitumia miaka na miaka. Kwangu mimi hamna bastola used inayomfaa mtu wa kawaida kuliko hii.

HATUA YA 4: Soma picha
Hapa ndo penyewe, usiwe na haraka. Kuza picha uangalie kingo za chuma na maandishi ya kiwanda. Maandishi yakiwa yamefifia, kingo zimekuwa za mviringo na matundu ya skrubu yamebonyea kama visahani, hiyo imesuguliwa na kupakwa rangi upya, pengine kuficha kutu. Serial namba ionekane nzima, ikiwa imekwanguliwa kimbia, kumiliki tu bastola ya hivyo ni kosa la jinai.

Omba picha ya ndani ya mtutu ukiwa umemulikwa taa. Mikato ile ya kuzunguka ionekane imekaza, vijishimo vichache sio mwisho wa dunia, lakini ukiona pete nyeusi imezunguka sehemu moja ujue risasi iliwahi kukwama humo ikapigwa nyingine juu yake na mtutu umevimba. Hiyo achana nayo hata wakikupa nusu bei. Kwenye rivolva ya Model 19 ya .357, ya kampuni hiyo hiyo ya Model 10, omba pia picha ya mdomo wa nyuma wa mtutu, pale risasi inapopokelewa ikitoka kwenye silinda. Chini yake chuma kimepunguzwa na ndo hapo panapasukaga kwa risasi nyepesi za moto mkali. Muuzaji akikataa kupiga picha hizi, umeshapata jibu.

HATUA YA 5: Omba video
Rivolva ikiwa TUPU, muuzaji avute nyundo (kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi) polepole kwa kidole gumba kwenye kila tundu la silinda. Silinda inatakiwa ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho au pamoja nayo. Nyundo ikifika kabla silinda haijafunga, taimingi imekufa na fundi atakula hela zako. Kisha aitikise silinda mbele na nyuma, mchezo mdogo sana ni kawaida, ikigonga kwa sauti hapana.

HATUA YA 6: Kwa dila
Kagua kabla ya kujaza fomu. Hakikisha ni tupu kwa jicho na kwa kidole, toa magazini (kasha la risasi) kwanza ndo uangalie chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa), elekeza mtutu pasipo na mtu. Linganisha serial namba na tangazo. Ikiwa siyo uliyoiona kwenye picha, usisaini.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu niko na F-1 (viza ya masomo), nasikia ukiwa na leseni ya kuwinda inakubali?
Jibu: Huo mlango kwenye sheria upo kweli, lakini ongea na mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Kosa la silaha linaweza kukuondoa nchini, na wewe umekuja kusoma.

Swali: Shemeji yangu hataki kujaza fomu, anipe hela nimshindie mnadani?
Jibu: Usithubutu kaka. Fomu inauliza kama mnunuzi halisi ni wewe, ukidanganya ni jinai, na tangu sheria ya 2022 kumnunulia mtu kwa namna hiyo inaweza kukupa hadi miaka 15.

Swali: Mimi mikono yangu midogo, nimeona karivolva kadogo ka J-frame (fremu ndogo ya Smith) bei poa, nichukue?
Jibu: Dada, ndogo na nyepesi ndo inapiga mkono zaidi, na triga yake ni nzito. Nenda renji kodi zote mbili, hiyo na Model 10 ya inchi 4, halafu uamue.

Swali: Bastola ya SIG P320 used vipi?
Jibu: Mwaka 2017 SIG walitoa maboresho ya hiari baada ya kuonekana zikianguka vibaya zinaweza kufyatuka. Muulize muuzaji kama imefanyiwa, mpe SIG wenyewe serial namba kabla ya kubidi.

Swali: Nikirudi Bongo naweza kuja nayo kwenye kontena?
Jibu: Hapana mkuu. Kuitoa Marekani ni kibali, kuingiza na kumiliki nyumbani ni leseni nyingine, na ikikamatwa bandarini bila hivyo unajibu kesi. Iuze kwa dila huku huku Marekani kabla hujaanza kupakia.