SOMO: Kutengeneza muhtasari wa mtihani wa sheria, hatua kwa hatua (soma kabla hujaja inbox)

Wakuu, kila UE (mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula) ikikaribia inbox inajaa swali lilelile: "Kaka, sheria unaisomaje, mbona kesi hazishikiki kichwani?" Nimejibu hadi nimechoka. Naliweka hapa, na kuanzia leo anayeuliza nitamtupia linki.

Jambo moja kabla hatujaanza. Muhtasari ninaousema hapa sio desa. Desa ni notsi za mwalimu zilizopunguzwa, na mtihani wa sheria haukuulizi notsi. Unakupa kisa cha Asha na Juma walioachana, halafu unaambiwa uwashauri. Kwa hiyo kila utakachoandika kiwe kinajibu kisa.

Mfano nitakaoutumia ni mgawanyo wa mali za ndoa. Namba za vifungu ni za Sheria ya Ndoa ya Tanzania, Sura ya 29, toleo la 2019.

Hatua ya 1. Pata kozi autilaini ya mwalimu, yaani orodha ya mada za kozi. Huna? Muone CR, mwakilishi wa darasa.

Hatua ya 2. Tafuta past pepa (mitihani iliyopita) za miaka minne au mitano. Stesheneri za karibu na chuo wanazo, shilingi mia mia kwa karatasi.

Hatua ya 3. Jenga mifupa. Usifuate mpangilio wa wiki za vipindi, fuata njia ambayo mgogoro wenyewe ungepita mahakamani. Je, ndoa ipo? Kama haikufungwa, wameishi pamoja miaka miwili na jamii ikawajua kama mume na mke (160)? Shauri limepita Baraza la Usuluhishi la Ndoa (101)? Ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika (107)? Hapo ndipo uje kwenye mali (114), kisha watoto (125). Watu wanakimbilia nyumba na gari bila hata kuuliza kama shauri lilipita Baraza, na maksi zinabaki mezani.

Hatua ya 4. Kila kifungu kivunje vipande. Usikinakili kizima, unajaza karatasi tu. Cha 114 kwangu kinakaa hivi:

- Lini: mahakama inapotoa talaka au amri ya utengano.
- Mali gani: zilizochumwa ndani ya ndoa kwa nguvu za pamoja.
- Nyongeza, 114(3): hata mali ya kabla ya ndoa inaingia, kama iliboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa nguvu za pamoja.
- Vya kuangalia, 114(2): mila za jamii yao; mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi; madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote; mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hapo mahakama ielekee kwenye usawa.

Angalia na toleo. Toleo la Urekebu la 2023 limeanza kutumika 1 Julai 2025, na katika sheria kadhaa vifungu vimehama namba. Desa ulilorithi kwa kaka yako wa mwaka wa nne lina namba za zamani. Muulize mwalimu anasahihisha kwa toleo lipi, kisha andika toleo hilo juu ya ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 5. Kesi. Hapa tulieni, sapu yangu pekee (mtihani wa kurudia) ilitoka hapa.

Karibu kila mwanafunzi anaandika jina la kesi, mshale, na sentensi moja. Mfano: "Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu [1983] TLR 32 → kazi za nyumbani ni mchango." Sentensi hiyo ni sahihi. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ilisema mke anayepika, anayelea na kutunza nyumba anachangia kupatikana kwa mali. Sasa muulize mwenye muhtasari huo: Bi Hawa alipata nini? Atakwambia alipata sehemu ya nyumba.

Hakupata kitu. Mume alikuwa amempa pesa za kuanzisha biashara ya familia, akazitumia vibaya. Mahakama ikaona chochote alichostahili kwa mchango wake alishakichukua kwa njia hiyo, rufaa ikatupwa. Kanuni ilishinda, mwenyewe akashindwa.

Kwa nini ujali? Kwa sababu mtunga mtihani anaijua sehemu hiyo ya pili. Atakuandikia Asha, mama wa nyumbani miaka kumi na tano, aliyepewa mtaji wa duka akaumalizia kwenye michezo ya upatu. Mwenye mshale mmoja atasema "Asha anastahili" na kufunga. Mwenye kesi nzima ataonyesha mchango upo, kisha ataupima dhidi ya mtaji uliopotea. Hao wawili hawapewi maksi sawa.

Kwa hiyo kila kesi iwe na mistari minne, isizidi:

1. Ukweli mmoja au miwili iliyobadilisha matokeo (sio hadithi yote)
2. Mahakama ipi, mwaka gani
3. Kiini cha uamuzi
4. Nani aliondoka na nini

Tahadhari. Usitoe kesi kwenye desa la mtu. Fungua hukumu yenyewe TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure. Usijaze kesi kumi kwenye hoja moja, mbili tatu zinatosha. Na usiandike "mahakama ilisema" kwa maneno ya wakili wa upande mmoja. Hukumu hurudia hoja za mawakili kurasa nyingi kabla jaji hajaanza kuzungumza yeye, na wanaosoma harakaharaka hunasa humo.

Hatua ya 6. Weka safu ya "ishara" pembeni. Ni maneno ya kwenye swali yanayokuamshia kifungu. "Alikuwa na nyumba Mbagala kabla ya ndoa, mke akaongeza vyumba vya kupangisha" inaamsha 114(3). "Hawakufunga ndoa ila majirani wanamwita Mama Juma" inaamsha 160. Ishara unazipata kwenye past pepa za hatua ya 2, ndiyo maana nilikutuma stesheneri.

Hatua ya 7. Jibu past pepa moja ukijipimia muda kwa saa, muhtasari ukiwa mezani. Palipokukwamisha, rekebisha muhtasari, usirekebishe jibu.

Hatua ya 8. Punguza. Kurasa ishirini ziwe tano, tano ziwe moja. Huo mmoja ni vichwa, namba na majina ya kesi tupu. Ukiweza kuuandika upya bila kuchungulia, umemaliza.

Maswali karibuni.

---

Mtoto_wa_Boom: Mkuu somo zuri sana. Naomba PDF ya muhtasari wako wa kozi zote, inbox please.

Mwandishi: Hapana.

Mtoto_wa_Boom: Duh, roho mbaya hiyo. Elimu ni kupeana.

Mwandishi: Nimekupa hatua nane hapo juu. Muhtasari wangu ni wa mwalimu wangu na toleo la zamani, ukiubeba unabeba na makosa yake. Anza hatua ya 1.

Learned_Moro: Kesi mbili zikigongana unaandika ipi? Kwenye mada hii mwalimu alitaja kwamba kabla ya 1983 Mahakama Kuu ilikuwa na misimamo miwili.

Mwandishi: Swali la maana hili, asante msomi. Andika yote miwili, lakini kwa ngazi. Msimamo mwembamba: kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, sio mchango. Msimamo mpana: ni mchango. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika, na Bi Hawa ndiyo iliyokata mzizi kwa sababu Mahakama ya Rufani iko juu yao. Kwenye muhtasari chora mstari, juu weka Rufani, chini Mahakama Kuu pande mbili. Ukiulizwa swali la insha, "jadili maendeleo ya sheria hii", huo mchoro ndio insha yenyewe. Kisha ongeza ya karibuni, Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo: kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Yaani kuwa mke wa nyumbani kunakufungulia mlango, ila kiasi gani utapata, thibitisha.

Learned_Moro: Hiyo ya ushahidi sikuwa nayo kabisa. Ubarikiwe.

Kichwa_Ngumu: Mnapoteza muda na hizi safu na ishara. Mimi nilikremu desa usiku wa mwisho nikatoka na B+.

Mwandishi: Hongera.

Kichwa_Ngumu: Sasa mbona unajibu kwa mkato?

Mwandishi: Kwa sababu hujauliza. Ila kwa wanaosoma: ukienda Shule ya Sheria kwa vitendo, wanakosomea uwakili baada ya digrii, kukremu hakukufikishi mbali. Mwaka 2022 kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Sababu zilijadiliwa hadi ikaundwa kamati, sisemi zote ni za wanafunzi. Lakini kule unapewa faili, hupewi notsi.

Binti_Ujiji: Samahani kaka, naweza kuandika muhtasari kwa Kiswahili? Nikiandika Kiingereza naona nakariri tu.

Mwandishi: Andika kwa Kiswahili, dada. Ukweli wa kesi, ishara, maelezo yako, vyote Kiswahili kama ndiko unakoelewa. Ila maneno yenyewe ya kifungu na kiini cha uamuzi yaache kwa lugha ya mtihani, neno kwa neno. Chumba cha mtihani sio mahali pa kuanza kutafuta tafsiri ya "nguvu za pamoja" huku saa inakwenda. Kwenye hatua ya 8 ule ukurasa mmoja uwe wa lugha ya mtihani wote.

Nyar_Kisumu: Mimi niko Nairobi, nasoma family law huku. Sheria yetu ni tofauti, hii mbinu itafanya kazi?

Mwandishi: Itafanya, badilisha nyama tu. Nyinyi mna Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013, kifungu cha 2 kinasema wazi mchango usio wa pesa unahesabika, na cha 7 kinagawa kulingana na mchango. Kesi ya kuandika mistari minne ni Ogentoto, Mahakama ya Juu ya Kenya, Januari 2023. Wengi wanaandika "Ibara ya 45(3), usawa" ya Katiba yenu wakaishia hapo. Mahakama ilisema usawa huo hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja, mchango lazima uthibitishwe. Weka na matokeo.

Nyar_Kisumu: Wueh, mimi nilikuwa nimeandika tu "50:50 – Article 45". Nafuta sasa hivi.

Mzee_wa_Kimbweta: Nyongeza kwa vikundi: sisi tuligawana mada, kila mtu atengeneze yake tubadilishane. Siku ya mtihani kila mtu anajua mada yake peke yake. Sasa tunatengeneza kila mtu yote, tunakutana kugombana tu.

Mwandishi: Kugombana ndiyo kazi ya kikundi. Naunga mkono.

Dogo_Tech: Mbona usiiambie tu akili mnemba ikutengenezee? Dakika mbili umemaliza.

Mwandishi: Umesoma hatua ya 5?

Dogo_Tech: Nimeipitia juujuu.

Mwandishi: Inaonekana.

Learned_Moro: Dogo, kuwa makini. Mwaka 2023 New York kuna mawakili walipigwa faini ya dola 5,000, kesi ya Mata dhidi ya Avianca, kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na programu hiyo. Majina mazuri, namba nzuri, hazipo. Mimi naitumia kunitungia visa vya kufanyia mazoezi, kesi natafuta mwenyewe.

Mwandishi: Hiyo ya visa vya mazoezi naichukua. Past pepa zikiisha, unaiambia ikubadilishie ukweli: mke ndiye mwenye ajira, mume yuko nyumbani. Uone kama muhtasari wako bado unajibu.

Binti_Ujiji: Mume yuko nyumbani naye anahesabiwa mchango?

Mwandishi: Soma tena 114(2), imeandika "kila mmoja". Jibu mwenyewe kwa mistari minne, uweke hapa, nitakusahihishia jioni nikitoka kazini.